Muulize Fundi: Namba zimegeuka pinki, kona zinachanika, na ule mchanga wa Lwera

Jambo fundi. Niko Arua, hii kazi ya fulana nafanya jioni nikitoka kazini. Timu ya mtaa waliniletea jezi nyekundu 16, nikakata namba za vinili nyeupe (ile plastiki nyembamba ya kubandika kwa moto), nikapresi digrii 165 sekunde 20 halafu nikarudia tena kidogo ili zishike. Zilitoka nyeupe kabisa! Jumapili siku ya mechi namba zote zimekuwa pinki. Sasa wanasema niliwawekea vinili feki. Ni kweli?

Pole sana ndugu yangu, na hapana, vinili yako inaweza kuwa nzuri tu. Shida ni jezi. Jezi karibu zote siku hizi ni poliesta, na rangi ya poliesta ina tabia moja, ikipata moto mwingi inageuka mvuke, ndio maana wale wanaochapa sablimesheni wanaenda mpaka digrii 180 na 200, wanataka hiyo rangi ihame. Wewe hukutaka ihame lakini 165 mara mbili imeiamsha, ikaanza kupanda polepole ndani ya vinili nyeupe. Haipandi yote siku hiyo hiyo, inaweza kuchukua masaa, inaweza kuchukua siku mbili tatu, kwa hiyo unamkabidhi mteja kitu cheupe yeye anavaa kitu cha pinki na wote wawili mnasema ukweli.

Nyekundu ndio mbaya kuliko zote, halafu maruni, halafu zile jezi zenye maua maua zilizochapwa sablimesheni kiwandani. Kwa hizo ulizia vinili yenye kizuizi cha rangi, ukiigeuza nyuma utaona kuna tabaka la kijivu au jeusi, na ipresi chini, kama digrii 130 sekunde 10 mpaka 15, lakini karatasi ya muuzaji ndiyo usikilize kuliko mimi. Usirudie kupresi "ili ishike". Na tafadhali usiamini kile kidude cha namba kwenye presi, tafuta kipimajoto cha kupiga mwanga upime bamba katikati na kona zote nne, mi nimeshaona presi inaandika 150 katikati kuko 170 na kona moja haifiki 135.

Zile 16 hazirudi kuwa nyeupe. Kata namba zile zile kwa nyeusi, kubwa zaidi kwa milimita mbili kila upande, uweke juu. Gharama beba wewe, usiwadai, hiyo timu itakuletea timu ingine. Siku ingine omba jezi moja kabla, presi kipande, kiache siku tatu dirishani ndio uchukue oda.

Fundi, plota yangu (mashine ya kukata vinili) inachana kona za herufi ndogo, nimeongeza presha mpaka mwisho bado. – Mukono

Punguza. Kisu chako kimetoka nje sana, kinakwama kwenye karatasi ya chini badala ya kuzunguka. Kinatakiwa kitokeze kama nusu ya unene wa kadi ya ATM, basi, vinili yenyewe haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Fungua kishikio, puliza, mara nyingi kuna kauzi ka vinili kamejisokota humo ndani na kisu hakizunguki. Kisha kata kamraba kadogo kenye pembetatu ndani, ukibandua pembetatu itoke peke yake na karatasi ya chini iwe na alama tu bila kutoboka. Kama unakata vinili nene kama gilita (ya kumetameta) au floki (yenye manyoya) weka kisu cha digrii 60, kile cha 45 ni cha vinili ya kawaida.

Habari mzee. Mimi na mdogo wangu tunachora vioo vya madirisha, na namba za gari kwenye vioo vya pembeni wezi wasivichomoe. Mchanga tunatoa Lwera, kando ya Ziwa Viktoria, tunaukausha tunauchekecha kwa neti ya mbu, tunapuliza kwa kompresa ndani ya gereji, mlango tunafunga vumbi lisisumbue majirani, na leso tunafunga puani. Shida vinili tunayobandika kwenye kioo kama kiolezo inabanduka pembeni na nozo inaziba kila saa. Tufanyaje?

Kijana wangu, nozo nitakujibu, lakini kwanza simamisha hiyo kazi leo, usimalize hata hicho kioo kilichoko mezani.

Mchanga wa ziwa sehemu kubwa ni silika. Ukiupiga kwenye kioo kwa upepo wa kompresa punje zinavunjika vumbi laini sana, lile unaloliona limetanda sio baya sana kama lile usiloliona, hilo dogo linabaki hewani masaa mengi baada ya nyinyi kuzima kompresa na kufungua mlango, linapita kwenye leso kama leso haipo, linaingia mpaka chini kabisa ya mapafu na halitoki tena. Mapafu yanaweka makovu kuzunguka kila punje. Ugonjwa unaitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na mtu mwenye silikosisi anashikwa na TB kirahisi kuliko wengine, na sisi hapa Uganda TB tunaijua. Uingereza walikataza mchanga wa silika kwenye kazi ya kupuliza kwa kanuni za 1949. Uturuki ilibidi wakataze 2009 kwenye nguo, maana vijana waliokuwa wanapuliza jinzi mchanga zionekane zimechakaa walikuwa wanakufa, vijana wadogo, wengine walifanya miaka michache tu. Walikuwa kwenye vyumba vilivyofungwa kama gereji yenu.

Mi mwenyewe nilianza hivyo hivyo, kibarazani, na leso, nikikohoa natoa makohozi ya kijivu naona ni kawaida ya kazi. Kwa hiyo sikugombezi, nakuomba. Nyote wawili nendeni hospitali mkapigwe eksirei ya kifua, na mwambieni daktari kazi mnayofanya, msiseme "kikohozi" tu, maana hatajua aangalie nini.

Sasa kazi yenyewe. Nunua aluminiamu oksaidi, punje ngumu za kupuliza badala ya mchanga, namba ya punje 120 mpaka 220 kwa kioo. Ni ghali kuliko lori zima la mchanga utasema, lakini inarudiwa mara nyingi, unaikusanya unachekecha unatumia tena. Tengenezeni kabati, sanduku la mbao au bati lenye kioo cha kuchungulia na matundu mawili ya glavu, vumbi livutwe kwa feni yenye chujio, na kabati lenyewe likae nje. Na barakoa ya mpira yenye vichujio viwili vya P100 (vya kuzuia vumbi laini) bado vaeni, hata kwa oksaidi.

Vinili kubanduka ni presha. Nyinyi mnapiga ngapi, 90? Shusha mpaka 30 au 40 psi, nozo ikae mbali sentimita 15 hivi, ielekee kioo moja kwa moja na isisimame sehemu moja. Punje ikigonga kitu laini inadunda, ikigonga kigumu inamegua, ndio sababu vinili laini inapona na kioo kinachorwa, ila ukipiga kwa mshazari upepo unaingia chini ya ukingo. Futa kioo kwa spiriti kabla ya kubandika, mafuta ya vidole tu yanatosha kuharibu. Kuchora kijuujuu vinili ya stika inatosha, kuchimba ndani inataka ile nene ya mpira. Na vioo vya milango ya gari, vile vinavyovunjika vipande kama punje za mahindi, msichimbe kabisa, kugusa tu juu kiwe na ukungu inaruhusiwa, mkizidisha kinalipuka chote mkononi.

Nozo kuziba ni maji. Hewa yetu ina unyevu, kompresa inaukamua, mchanga unakuwa uji. Weka kichujio cha maji kwenye bomba na kila jioni fungua valvu ya chini ya tangi.

Presi yangu ni wati 1800, ekstensheni imeyeyuka na yaka (umeme wa kulipia kabla) inaisha haraka. Nitumie jenereta ndogo ya kilowati moja? – Bombo

Hapana, itazimika tu. Wati 1800 kwa volti 240 ni ampia 7 na nusu, soketi ya ukutani inabeba bila shida, ile ekstensheni nyembamba ya barabarani ndiyo haibebi. Chomeka presi ukutani moja kwa moja, ikibidi ekstensheni iwe na waya wa milimita 1.5 za mraba na uukunjue wote, usiuache umejikunja kwenye roli. Presi haili yaka sana ikishapata moto, inakula wakati moto unapanda, kwa hiyo kusanya oda upresi zote mara moja badala ya kuwasha kwa fulana moja asubuhi na moja jioni. Ukipata jenereta ya kukodi iwe kilowati 2.5 kwenda juu, washa presi peke yake kwanza mpaka ifike moto, plota na kompyuta unganisha baadaye, maana presi ikivuta kwa ghafla volti inashuka na plota inasimama katikati ya herufi.