Barua kwa mwanangu: fizikia au uhandisi wa umeme

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku nikiwa nasahihisha mitihani ya kidato cha tatu, nikaona jambo hili haliishi kwa simu. Unasema dirisha la udahili limefunguliwa, alama zako za PCM (fizikia, kemia na hisabati) zinakuruhusu kuomba kozi zote mbili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Shahada ya Sayansi katika Fizikia na Uhandisi wa Umeme. Baba yako amekwambia mwisho wa fizikia ni chaki. Nawe unaniuliza: "Mama, ungekuwa mimi ungejaza ipi kwanza?"

Ningejaza uhandisi wa umeme. Baba yako atafurahi, ila sababu zangu si zake. Soma mpaka mwisho kabla hujampelekea habari.

Kwanza achana na lile wazo la mabwenini kwamba fizikia ni nadharia na uhandisi ni vitendo. Chukua sumaku na koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili, umeme unapita kwenye waya. Umelifanya hilo maabara, sindano ikacheza, ukaandika hitimisho, ukaenda kula. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoendesha Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji: mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Fizikia yake mimi naimaliza ubaoni kwa kipindi kimoja. Mhandisi anaanzia pale kengele inapogonga. Waya uwe mnene kiasi gani usiungue? Joto litolewe vipi? Jioni watu wa Dar es Salaam wakiwasha feni kwa pamoja, mashine inaelemewa na kutaka kupunguza mwendo. Kitu gani kitafungulia maji zaidi upesi ili umeme ubaki kwenye hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde? Mtambo mmoja ukizima ghafla, nani atafidia megawati zake kabla gridi haijaanguka? Hakuna hapo swali la kujibu kwa spana peke yake.

Mwanafizikia yeye anabaki na ileile sumaku. Anauliza: nikisogeza sumaku na koili imetulia, au nikisogeza koili na sumaku imetulia, umeme ninaoupata ni uleule, mbona tunaueleza kwa maelezo mawili tofauti? Ukilisikia utadhani ni swali la mtu aliyekosa kazi. Mwaka 1905 Albert Einstein alianzia hapohapo, mwanzoni kabisa mwa andiko lake, na alipolimaliza ulimwengu ulikuwa na nadharia ya uhusianifu. Hata kwetu maswali ya namna hiyo yapo. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipoona maziwa ya moto ya aiskrimu yameganda kabla ya yale yaliyopozwa. Akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza mwanafizikia Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo kwa pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya maji yale. (Mpemba mwenyewe akaenda kusomea wanyamapori. Wanafunzi wangu hawapendi nikifika hapo.)

Sasa nikuseme wewe. Ulipokuwa kidato cha tano ulirudi likizo umenuna kwa sababu ya pendulamu: kipimo chako cha uvutano wa dunia kimetoka 9.6 wakati wenzako wote wana 9.8, na ulijua wamepika data. Ukafunga jiwe kwa uzi kwenye kenchi la banda la kuku, ukashinda pale unahesabu mizunguko, hadi ulipogundua kwamba ulikuwa unapima urefu wa uzi peke yake bila kufika katikati ya jiwe. Sentimita mbili katika mita moja, ndiyo 0.2 yako iliyopotea. Siku ile nilijua una kichwa cha fizikia, na sikukwambia kwa sababu ulikuwa hujaosha vyombo.

Mbona basi nakupeleka uhandisi? Kwa sababu kati ya kozi hizi mbili mlango unafunguka upande mmoja kuliko mwingine. Nchini kwetu uhandisi una sheria yake, ya mwaka 1997, na una Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwa shahada ya fizikia peke yake bodi haikusajili kuwa mhandisi, hata uwe umefaulu fizikia kuliko wote darasani, na bila usajili huwezi kufanya kazi kama mhandisi. Anayemaliza fizikia akatamani uhandisi kwa kawaida anarudi mwaka wa kwanza. Anayemaliza uhandisi akatamani fizikia ana kazi ngumu, lakini njia ipo. Paul Dirac alihitimu uhandisi wa umeme Bristol mwaka 1921, akakosa ajira, akageukia hisabati kisha fizikia. Mwaka 1933 akapewa Nobeli ya fizikia. Jack Kilby, mhandisi wa umeme aliyetengeneza saketi ya kwanza kwenye kipande kimoja cha jerimani (germanium), aliipata Nobeli hiyohiyo mwaka 2000 na hakuwahi kuacha uhandisi.

La pili ni mkate. Fizikia Mlimani ni miaka mitatu, uhandisi minne, na wengi huona mitatu ni nafuu. Si nafuu. Mwanafizikia anaweza kwenda Mamlaka ya Hali ya Hewa, Tume ya Nguvu za Atomiki, au hospitali ya Ocean Road kukokotoa dozi ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani, lakini nafasi ni chache na zile nzuri zinataka uzamili. Ukichagua fizikia, panga bajeti ya uzamili tangu leo. Kuhusu chaki, baba yako ajue ndiyo iliyokusomesha.

Nisikufiche utakachokosa. Katika uhandisi fizikia ya kwanta utaionja kidogo, kisha utazama kwenye viwango, michoro, gharama na ripoti, na mafunzo kwa vitendo utayafanyia kwenye vituo vya kupozea umeme, juani. Kama kiu haitakatika, Kigali kuna taasisi ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda inayofundisha fizikia ngazi ya uzamili kwa kushirikiana na kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964. Itakubidi ujaze mapengo kwanza. Lile la kutafuta sentimita mbili halitapotea: mwanafizikia akipika data anaaibika, mhandisi akipika data watu wanakufa.

Ushauri wangu unaweza kuutupa kwa sababu moja tu. Kila kozi ina sehemu yake ya kuchosha, na mtu anaishi na sehemu hiyo zaidi ya anavyoishi na ile tamu. Kwenye fizikia ni kurudia kipimo kilekile wiki nzima na kusaka kosa kwenye programu yako mwenyewe. Kwenye uhandisi ni kutii kanuni ambazo hukuzitunga, na kubishana na mzabuni kuhusu bei ya kebo. Ukiona ile ya uhandisi inakutia kichefuchefu, jaza fizikia kwanza, na mimi nitazungumza na baba yako.

Upo Kimara kwa shangazi, Mlimani si mbali. Nenda wiki hii, tafuta wanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi zote mbili, waombe wakuonyeshe kazi walizopewa muhula huu. Usiwaulize kama wanafurahia, watakudanganya. Kaa na maswali yao, jaribu mawili matatu. Halafu jaza fomu mwenyewe, usimpe mtu wa steshenari nywila yako, na linganisha namba za utambulisho za kozi na mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, si na picha za WhatsApp. Nauli nimemtumia shangazi yako kwenye simu, mwambie ni yako si ya mkaa.

Mama yako