Notisi ya kuhama kwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi Kenya: usihesabu siku 30, hesabu hadi siku ya kodi

Ndugu, swali lako nimelielewa hivi. Unakaa nyumba ya chumba kimoja Nairobi, kodi 15,000 kwa mwezi, dipoziti 15,000. Mkataba wa mwaka mmoja uliisha zamani na hakuna aliyeandika mwingine. Tarehe 12 Machi ulimwambia msimamizi wa ploti kwamba mwisho wa mwezi unahama. Sasa mwenye nyumba anasema dipoziti hairudi kwa kuwa hukutoa notisi, nawe unataka kujua ulipaswa kutoa siku ngapi.

Jibu ni mwezi mmoja, na mwezi huo lazima uishie kwenye siku ya kulipa kodi. Hilo la siku ya kodi ndilo linalowaponza wapangaji wengi, kwa sababu hakuna anayewaambia.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57. Mpangaji ambaye mkataba wake umeisha akaendelea kukaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba anakuwa mpangaji wa kipindi kwa kipindi. Aliyeingia kwa maneno matupu bila karatasi naye yumo humo. Kipindi chenyewe kinapimwa kwa jinsi kodi inavyolipwa: ukilipa kila mwezi, kipindi ni mwezi, ukilipa kila miezi mitatu, kipindi ni miezi mitatu na notisi yako ni miezi mitatu. Kisha kifungu cha 57(4) kinasema upande wowote unaweza kuvunja upangaji kwa notisi isiyopungua kipindi hicho, nayo iishe katika mojawapo ya siku ambazo kodi hulipwa. Kwa hiyo mwenye nyumba naye akitaka kukutoa, kifungu hicho hicho kinambana.

Sasa tuingie kwenye tarehe, maana hapa ndipo pesa zinapopotea. Chukua kodi inayolipwa tarehe 1. Notisi ikimfikia mwenye nyumba tarehe 31 Januari, mwezi unatimia mwisho wa Februari, na upangaji unaisha tarehe 1 Machi. Ukihesabu, katika mwaka wa kawaida ni siku 29 tu, na inatosha. Notisi ikimfikia tarehe 2 Machi, hadi tarehe 1 Aprili ni siku 30 kamili, lakini haitoshi, kwa sababu mwezi wa kalenda kutoka tarehe 2 Machi unatimia tarehe 2 Aprili. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Mei, kwa hiyo kwa kuchelewa siku moja umejibebesha kodi ya Aprili nzima. Anayekwambia "toa siku thelathini" hakusaidii.

Kuna mtego mwingine ndani ya huo. Tarehe ya kodi na tarehe ya mwisho ya kulipa bila faini ni vitu viwili. Mikataba mingi inasema kodi inalipwa tarehe 1 na inapokelewa hadi tarehe 5. Siku ya kodi hapo ni tarehe 1. Ile 5 ni muda wa huruma tu. Anayepeleka barua tarehe 4 akidhani yuko ndani ya muda amechelewa, isipokuwa mkataba uwe umeandika waziwazi kwamba notisi inapokelewa hadi tarehe 5. Basi peleka barua siku tatu nne kabla ya mwezi kugeuka. Siku ya kupokelewa yenyewe usiitie kwenye hesabu.

Kabla ya kuandika chochote, tafuta ule mkataba wa zamani. Kuisha kwake hakukufuta kila kilichoandikwa ndani: masharti yasiyogongana na upangaji wa kipindi yanaendelea kuwabana nyote wawili. Ukikuta umeandika "notisi ya miezi miwili", mwenye nyumba atakushika hapo, na ni heri ulijue leo kuliko siku pikapu iko getini. Na kwa wengine wanaosoma hapa: kama mkataba wenu wa mwaka bado unaendelea, haya yote hayawahusu. Kutoka katikati ya mkataba wa muda maalumu kunategemea kama mkataba wenyewe una kipengele cha kutoka mapema. Bila hicho, mnahitaji makubaliano.

Turudi kwako. Kumwambia msimamizi wa ploti kwa mdomo ni njia mbovu ya kutoa notisi. Atakana au atasahau, na hata akikiri, mwenye nyumba atasema huyo kazi yake ni kuosha ngazi na kusoma mita. Lakini tuseme notisi yako ya tarehe 12 Machi ilikubaliwa: mwezi unatimia tarehe 12 Aprili, siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Mei. Barua itakayomfikia siku yoyote kabla ya Machi kwisha inaishia hapo hapo, tarehe 1 Mei. Kwa hiyo bado hujapoteza kitu, mradi uandike sasa. Barua iwe fupi, namna hii:

"Mimi, mpangaji wa nyumba nambari B7, natoa notisi ya kusitisha upangaji wangu wa mwezi kwa mwezi. Upangaji utaisha tarehe 1 Mei. Ikiwa tarehe hiyo si sahihi kisheria, utaisha siku ya kodi ya kwanza itakayofuata baada ya mwezi mmoja kutimia tangu kupokelewa kwa barua hii. Nitakabidhi nyumba na funguo tarehe 30 Aprili saa nne asubuhi. Naomba dipoziti yangu ya shilingi 15,000 irudishwe kwa nambari ya simu iliyo hapa chini."

Ile sentensi ya "ikiwa tarehe hiyo si sahihi" usiiache. Ukikosea hesabu kwa siku moja, notisi haifi. Inasogea tu hadi siku ya kodi inayofuata. Bila hiyo, unaweza kuambiwa notisi nzima ni batili na uanze upya.

Chapa nakala mbili, uandike tarehe na mwaka. Moja inabaki kwake, nyingine aandike "nimepokea", tarehe, jina na sahihi. Kama nyumba iko chini ya ajenti, peleka ofisini kwao wakugongee muhuri. Akikataa kusaini, piga picha ya barua, itume siku hiyo hiyo kwa WhatsApp na kwa baruapepe, kwa nambari ile ile mnayotumia kuzungumzia kodi. Alama za buluu zikitokea, hifadhi picha ya skrini yenye tarehe. Jambo moja watu hawalijui: notisi ikishatolewa huwezi kuirudisha peke yako. Ukibadili mawazo, mwenye nyumba lazima akubali, na akikubali mwandikiane.

Kuhusu dipoziti, nasema kwa uchungu kwa sababu nawaona wapangaji wakiumia pande zote mbili. Wapo wanaoacha kulipa mwezi wa mwisho wakisema "ikatwe kwenye dipoziti". Bila idhini ya mwenye nyumba hilo ni deni la kodi, linampa sababu ya kukuzuia getini na kukudai juu yake rangi, kitasa na maji. Upande wa pili, mwenye nyumba naye hana haki ya kumeza dipoziti yote kama adhabu. Anachodai ni kodi ya muda ambao notisi haikufika, bili zilizobaki, na uharibifu halisi. Uchakavu wa kawaida, kama ukuta uliofifia na zulia la plastiki lililolika mlangoni, si uharibifu. Rangi angalia mkataba: mingi inamtaka mpangaji alipie kupaka upya, na ukiona hivyo omba risiti ya fundi.

Kama unataka kutoka mwisho wa Machi kweli, njia ni makubaliano. Mtafutie mpangaji wa kuingia Aprili, kisha mwandikiane kwamba upangaji wako umeisha tarehe fulani kwa ridhaa ya wote. Na hata bila makubaliano, akimpangishia mtu mwingine tarehe 10 Aprili, amekwisha kuipokea nyumba yake, na kodi yako inakoma hapo. Hawezi kukusanya kodi mbili za chumba kimoja. Jirani aliyemwona mpangaji mpya akiingiza godoro ni shahidi wa maana.

Siku ya kukabidhi, soma mita ya maji mkiwa pamoja na upige picha ya namba. Stima ya tokeni haina shida. Ya bili ya mwezi omba usomaji wa mwisho. Piga picha za kila chumba kikiwa kitupu: sinki, choo kikivutwa maji, vioo vya madirisha, soketi. Funguo zitolewe kwa kuandikishana idadi, kwa sababu siku ya kurudisha funguo ndiyo inayoonyesha umeondoka lini. Ploti nyingi mlinzi hafungui geti kwa mizigo bila kibali cha ofisi, kwa hiyo chukua hicho kibali siku moja kabla, si saa moja usiku gari likiwa limeshapakiwa.

Akikataa kurudisha dipoziti bila sababu, mwandikie barua ya kudai, umpe siku 14, utaje kiasi na nambari ya kulipia. Zikipita, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Utakachobeba ni nakala ya notisi iliyosainiwa, ujumbe wa M-Pesa wa dipoziti na wa kodi, picha, na ile karatasi ya funguo.

Aliyepanga duka, hoteli au mgahawa asitumie barua hii. Upangaji wa biashara unaolindwa una sheria yake, Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, ambapo notisi hutolewa kwa fomu maalumu na haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu kupokelewa, na migogoro yake ina baraza lake.