Daraja la uanachama kwenye meli za utalii: hesabu ya mtu anayetokea Mtwara

Maswali kuhusu meli za utalii yamebadilika hapa Mtwara. Zamani jamaa waliniuliza kama meli inayumba, kama kuna chakula halali, na mtu akiugua katikati ya bahari anapelekwa wapi. Siku hizi anayekuja kuniuliza ameshapanda meli pale Durban, amerudi na namba ya uanachama wa klabu ya wateja ya kampuni ya meli kwenye simu, na anachotaka ni kupanda daraja kwenye klabu hiyo. Amesikia kwamba wenye daraja la juu liitwalo Diamond hawapangi foleni, nguo zao zinafuliwa bure, kahawa hawalipii. Anataka njia ya mkato.

Mambo haya niliyajua kwanza nikiwa upande wa pili wa kaunta. Nilikuwa mhudumu wa mapokezi melini kabla ya kurudi nyumbani na kufungua nyumba ya wageni Mikindani, na sehemu kubwa ya zamu zangu iliishia kwa abiria waliokuja kudai pointi. Baadaye tukaanza kusafiri kama abiria, mimi na mume wangu, kwa fedha zetu. Mfanyakazi, kama unajiuliza, hapati kitu. Hata ulale baharini mwaka mzima, pointi zako zinabaki sifuri.

Njia ya mkato ipo, ila imechongwa kwa ajili ya mtu anayeishi Florida.

Chukua kampuni ya Royal Caribbean. Klabu yao inaitwa Crown & Anchor Society na hesabu yake ni nyepesi: usiku mmoja, pointi moja. Ukichukua chumba cha kifahari, usiku mmoja unakupa mbili. Anayesafiri peke yake na kulipia chumba kizima kama watu wawili naye anaongezewa pointi moja kwa kila usiku. Pointi 3 zinakuingiza Gold, 30 Platinum, 55 Emerald, 80 Diamond, 175 Diamond Plus, na Pinnacle Club inataka 700, yaani karibu miaka miwili ya kulala baharini. Mstaafu wa Miami anaendesha gari hadi bandarini, anachukua safari ya usiku 3 au 4 kwenda Bahamas kwa bei ya ofa, anarudi nyumbani, na mwezi unaofuata anakwenda tena. Huyo Diamond ataifikia bila hata kuomba likizo. Ushauri mwingi ulioko mtandaoni umeandikwa kwa ajili yake.

Wewe unatoka Mtwara. Unaruka hadi Dar, Dar hadi Johannesburg, Johannesburg hadi Durban, unalala hotelini, ndipo upande meli. Ukiweka yote karatasini, njia ya kuifikia meli mara nyingi inakula fedha kuliko meli yenyewe. Safari tatu fupi ni nauli tatu za ndege, hoteli mara tatu, teksi mara tatu, kwa usiku tisa au kumi tu baharini. Safari moja ya wiki mbili ina nauli moja na inakupa usiku mwingi zaidi. Kwa hiyo sisi tunageuza ule ushauri juu chini: safari chache, ndefu, na zote kwa kampuni moja.

Kampuni iliyo karibu nasi kwa sasa ni MSC, ambayo huleta meli Afrika Kusini msimu wa joto la huko, kuanzia Novemba hivi hadi Machi au Aprili. Safari nyingi za Durban hupanda kaskazini hadi Msumbiji, kwenye Kisiwa cha Ureno au Pomene, kisha zinarudi. Huo ndio msimu ambao fedha za korosho zinakuwa zimeshatoka mnadani, na sidhani ni bahati tu kwamba nimewaona watu wa Tandahimba na Newala kule. Pasipoti ya Tanzania inakuingiza Afrika Kusini bila viza hadi siku 90, na Msumbiji pia huhitaji viza kwa matembezi mafupi. Hili lina uzito mkubwa kuliko pointi zote. Safari ya Mediterania inataka viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na kama meli itagusa Tunisia au Uturuki halafu irudi Ulaya, viza yako lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Nimewahi kumwona abiria akirudishwa kwenye ngazi ya meli kwa sababu hiyo hiyo, mizigo yake ikiwa imeshapandishwa.

Klabu ya MSC inaitwa Voyagers Club, na haihesabu usiku peke yake. Pointi hutegemea urefu wa safari, kiwango ulichokata (Bella ni cha chini, kisha Fantastica, Aurea, na juu kabisa Yacht Club), pamoja na fedha unazotumia ukiwa ndani. Silver imekuwa ikianzia pointi 2,200 na Diamond 10,000. Mwanachama hupata punguzo la asilimia 5 kwenye nauli, ila lazima namba yake iwekwe wakati wa kukata tiketi, siyo akishafika bandarini. Na kuna saa inayokwenda: ukikaa miaka mitatu bila kusafiri nao, uanachama wako unakatika. Mtu wa Durban hana shida na hilo. Kwa mtu anayesubiri msimu mzuri wa korosho, miaka mitatu inapita kabla hajashtuka, kwa hiyo andika tarehe uliyoshuka meli mahali utakapoiona.

MSC ina jambo moja zuri ambalo wengi hawalijui: imekuwa ikikubali kulinganisha daraja. Kama una daraja kwenye kampuni nyingine ya meli, au hata kwenye klabu ya hoteli kubwa za kimataifa, unatuma uthibitisho kwa fomu ya mtandaoni nao wanakupa daraja linalokaribiana nalo. Mtu wa shirika au wa mradi wa gesi ambaye amelala miaka yote kwenye hoteli za mlolongo mmoja kwa safari za kikazi anaweza kuanzia juu bila kupanda meli hata mara moja. Ombi ni la mara moja tu. Usilitume ukiwa na daraja la chini unalotarajia kulipandisha mwezi ujao. Subiri lipande kwanza.

Kuna na safari za kuhamisha meli. Msimu wa Afrika Kusini ukiisha, meli hairudi Ulaya tupu. Inauza vyumba kwa safari ya wiki mbili au tatu, siku nyingi zikiwa za bahari tupu, na bei ya kila usiku mara nyingi ni ndogo kuliko ya safari fupi za Desemba. Hakuna njia ya bei nafuu zaidi ya kukusanya usiku mwingi kwa mkupuo. Ubaya wake ni kwamba unashukia Ulaya, kwa hiyo viza na ndege ya kurudi viko juu yako, na mtu asiyependa kukaa siku tano bila kuona nchi kavu atajuta. Mume wangu alifurahi. Alicheza bao na Mreno mmoja hadi Visiwa vya Kanari.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote, nalo ni jina na anwani.

Asilimia kubwa ya migogoro niliyoisuluhisha pale mapokezi haikuwa ya pointi kupotea. Pointi zilikuwepo, ila kwenye akaunti nyingine ya mtu yuleyule. Na abiria kutoka kwetu walikuwa na tatizo hili kuliko Wazungu, kwa sababu majina yetu yanaandikwa kwa namna nyingi. Safari ya kwanza wakala ameandika Fatuma, ya pili Fatma. Mara majina matatu, mara mawili. Mara jina la baba limewekwa kama la ukoo, mara la babu. Kompyuta haijui kuwa ni wewe. Inafungua uanachama mpya unaoanzia sifuri, na wewe unadhani umeibiwa. Kwa hiyo kata tiketi kwa jina lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na kama pasipoti na kitambulisho cha NIDA havifanani, shughulikia hilo kwanza ukiwa bado Mtwara. Ukigundua una namba mbili, omba ziunganishwe. Wanaunganisha, lakini wanataka tarehe za safari na jina la meli, kwa hiyo tunza tiketi za zamani.

Anwani nayo. Kwenye klabu ya Royal Caribbean, mume na mke wanaoishi anwani moja hushirikiana daraja, yaani aliye chini anapandishwa hadi alipo mwenzake, na watoto walio chini ya miaka 18 hufuata wazazi. Sisi anwani yetu ni sanduku la posta, na mara nyingi si la nyumbani: mume anaandika S.L.P. ya halmashauri anakofanya kazi, mke ya hospitali au shule. Kwa kompyuta hao ni watu wa nyumba mbili. Chagueni sanduku moja, liandikeni vilevile kila mara. Ni jambo dogo sana, lakini nimeona mama mmoja akinyimwa daraja la mumewe hadi tulipogundua tofauti ya namba ya sanduku.

Pia pointi ni za aliyesafiri, siyo aliyelipa. Mtoto anayefanya kazi Dar akiwalipia wazazi safari kama zawadi, wazazi ndio wanaopata pointi. Baadhi huja juu wakilijua hili. Mimi naliona ni haki.

Na hizo faida zenyewe? Nyingi ni mapambo: pini ya kwenye nguo, sherehe yenye glasi ya shampeni, barua ya nahodha. Zilizo na maana kwangu ni tatu. Dobi wa bure, hasa kwenye safari ndefu, kwa sababu bei za kufuliwa melini zinauma. Kushuka mapema kwenye zile boti ndogo pale ambapo meli haifungi gati, maana anayeshuka wa mwisho Pomene anapata saa chache tu za ufukweni. Na vinywaji: Diamond wa Royal Caribbean hupewa vinne kwa siku. Watu wa kwetu wasiokunywa pombe hudhani haviwahusu, wanaviacha vipotee, kumbe vinalipia kahawa nzuri, soda na juisi. Tozo ya huduma ya wafanyakazi haiondolewi na daraja lolote. Hukatwa kila siku na iko palepale, na nakuomba usiende mapokezi kuomba ifutwe. Najua inakokwenda.

Tatizo ni kwamba kampuni inaweza kubadilisha kanuni wakati wewe uko nusu ya njia. Mwaka 2025 Carnival, kampuni nyingine kubwa ya meli, walitangaza kwamba kuanzia 2026 wanaacha klabu yao iliyohesabu siku za kusafiri na kuingia kwenye mpango unaohesabu fedha ulizotumia, na daraja litapimwa kwa kipindi cha miaka miwili badala ya kubaki nalo maisha. Watu waliokuwa wamebakiza safari mbili tatu kufika Diamond walilalamika sana. Anayepeleka korosho ghalani anaujua unyaufu: kilo ulizopeleka si lazima ziwe kilo unazolipwa. Pointi ndivyo zilivyo. Ndiyo maana sinunui safari nisiyoitaka ili nifikie daraja fulani, na daraja nililonalo nalitumia mapema. Ukiniuliza lengo zuri kwa mtu wa huku, nitakwambia daraja la kati. Kwa Royal Caribbean ni Diamond ile ya 80, kwa MSC ni Gold. Juu ya hapo unalipa fedha nyingi kwa heshima ndogo.

Usipange pia kuondoka Mtwara siku moja kabla ya meli. Meli haisubiri, na asiyetokea harudishiwi nauli wala hapati pointi. Unakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zile na barabara ikakatika Somanga: waliokuwa wakienda Dar kwa basi walikwama. Meli nyingi za Durban ni za kiangazi cha huko, ambacho kwetu ndicho kipindi cha mvua. Kama unakwenda kwa basi, toka siku tatu kabla. Kwa ndege, mbili zinatosha. Na safari zote za ndege ziwe kwenye tiketi moja, ili ile ya Dar ikichelewa ni wajibu wa shirika kukupeleka mbele.

Ukisharudi, ingia kwenye akaunti yako baada ya wiki mbili hivi. Pointi zikiwa hazijaonekana, tuma nakala ya bili ya mwisho wa safari pamoja na namba ya tiketi, kwa maandishi, usipige simu. Ile bili wanayokuachia mlangoni asubuhi ya kushuka, au kukutumia kwa barua pepe, watu wengi huitupa. Piga picha kabla hujafunga begi.