Figo na presha wapi na wapi?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 41, juzi nimepimwa presha ikasoma 160 kwa 100, nikajua ntaambiwa mambo ya moyo na mawazo, kumbe natumwa maabara kupima mkojo na kreatinini (uchafu wa kwenye damu unaotolewa na figo) eti waangalie figo. Mbona figo haziniumi na mkojo natoa vizuri tu? Au ndo walitaka hela?

JIBU: Marahaba. Hapana, hapo hujaibiwa. Wengi tunajua presha inaharibu figo na ni kweli, ila na figo nazo zinaleta presha, na watafiti walianza kuzishuku zamani sana. Mwaka 1836, kabla hata kipimo cha presha cha kufunga mkononi hakijakuwepo, Richard Bright wa London aliona wagonjwa wake wa figo wakifa wanakutwa na moyo umevimba. 1898 kule Stockholm, Tigerstedt na mwanafunzi wake Bergman wakasaga figo za sungura, yale maji yake wakamdunga sungura mwingine, presha juu! Hicho kitu wakakiita renini, afu watu wakakipuuza miaka na miaka mpaka 1934 Mmarekani Harry Goldblatt alipobana kwa kibanio mshipa unaopeleka damu kwenye figo za mbwa, presha ikapanda na haikushuka. Figo ikipata damu kidogo inadhani mwili mzima umeishiwa, basi inamwaga renini, inatengenezwa angiotensini, mishipa inabana na chumvi inazuiwa isitoke.

Lakini mimi kilichonimaliza ni habari ya kupandikiza. Panya wa kuzaliwa na presha akiwekewa figo ya panya mwenye afya, presha inashuka, na mwenye afya akiwekewa ya yule mgonjwa, inapanda, yaani presha inahama na figo! Utasema hao ni panya, haya, 1983 ikatoka ripoti ya watu 6 ambao presha iliwamaliza figo kabisa, wakapewa figo za watu wasio na presha, miaka ikapita presha zao ziko kawaida na dawa hawamezi.

Kwa nini sasa? Figo yenye afya, presha ikipanda kidogo tu inakojoa chumvi na maji zaidi mpaka ishuke. Za mtu mwenye presha zimeshazoea kule juu, chumvi ileile hazitoi mpaka presha ipande kwanza. Na ndo maana dawa kama enalapril na losartan zinaingilia hapohapo kwenye mnyororo wa renini, na vidonge vya kukojoza vinailazimisha figo iachie chumvi.

Sijasema figo zako mbovu, majibu yanaweza kutoka safi kabisa, watu wengi wanaoanza presha inakuwa hivo. Ila hilo la "haziniumi" lisikudanganye, figo inapoteza kazi kimyakimya na mkojo unaendelea kutoka kama kawa. Kwenye mkojo waulize kama kuna protini, ukiona povu zito lisiloisha hata ukisubiri uwaambie. Na kama una kawaida ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kila mgongo ukiuma, hilo mwambie daktari wako hata kama hajauliza, maana hizo zinaifanya figo ing'ang'anie chumvi na dawa za presha zinaonekana hazifanyi kazi.