Elfu Moja Imekwenda Wapi? Majibu ya Chemshabongo Zenu

Kila Jumamosi saa tatu usiku, mimi na wenzangu kumi na mmoja tuliosoma pamoja hukutana kwenye simu kutegana mafumbo. Mmoja yuko Tanga, wawili Dodoma, na mwingine dereva wa lori ambaye mara nyingi hutujibu akiwa kwenye foleni ya mpaka, Tunduma. Nililigusia jambo hilo mwezi uliopita, maswali yakamiminika. Nimechukua saba. Mengi yaliyobaki yanauliza hilohilo la kwanza.

Mwalimu, shikamoo. Kwenye grupu letu watu wamenuniana kwa sababu ya hesabu hii: 8 ÷ 2(2 + 2). Wengine wanasema 16, wengine 1. Nani yuko sahihi? (Morogoro)

Marahaba. Poleni na ugomvi. Hesabu hiyo ilizunguka mitandaoni mwaka 2019 na kugombanisha watu wengi kuliko ninyi.

Turudi kwenye MAGAZIJUTO tuliyokaririshwa shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mabano yanatoa 4, tunabaki na 8 ÷ 2 × 4. Kugawanya na kuzidisha vina cheo kimoja, kwa hiyo unakwenda kutoka kushoto: 8 ÷ 2 ni 4, mara 4 ni 16. Wanaosema 1 wanaiona 2(4) kama kitu kimoja kilichoshikana, mfano wa 2a kwenye aljebra, ndiyo maana wanagawanya 8 kwa 8. Wala si wajinga. Vipo vitabu vinavyoandika hivyo, na zipo kalikuleta ambazo ukiziingizia hesabu hii moja inakupa 16 na jirani yake inakupa 1. Mwenye kosa ni aliyeiandika. Angeongeza mabano mengine mawili tu, mngelala mapema.

Ila MAGAZIJUTO yenyewe ina mtego, na huu naupenda zaidi. Waulize wenzako 10 − 3 + 2 ni ngapi. Nilipoitega kwetu, watu wanne walijibu 5, tena mmoja wao mhasibu. Waliona JU imetangulia TO, wakajumlisha 3 na 2 kwanza, kisha wakatoa. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa nako ni cheo kimoja, kushoto kwenda kulia. Herufi zimepangwa vile ili neno litamkike.

Marafiki watatu walilala gesti. Kila mmoja akatoa 10,000, jumla 30,000. Baadaye meneja akakumbuka chumba ni 25,000, akampa mhudumu 5,000 awarudishie. Mhudumu akatia 2,000 mfukoni, akawapa 1,000 kila mmoja. Kwa hiyo kila mmoja amelipa 9,000, jumla 27,000. Ongeza 2,000 za mhudumu, unapata 29,000. Elfu moja imekwenda wapi? Sijalala, mwalimu. (Mwanza)

Haijaenda popote. Aliyetunga swali ndiye mwizi, amekuibia kwenye neno "ongeza".

Zile 2,000 za mhudumu zimo tayari ndani ya 27,000. Marafiki wametoa 27,000: katika hizo 25,000 ziko kwa meneja na 2,000 ziko mfukoni mwa kijana. Ukiziongeza tena umezihesabu mara mbili. Kama unataka kuifikia 30,000, ongeza zile 3,000 walizorudishiwa.

Najua maelezo haya hayamtoshi mtu aliyekesha. Fanya hivi: badilisha namba. Tuseme meneja amekumbuka kwamba chumba ni 10,000 tu, akatoa 20,000 zirudishwe. Mhudumu akachukua 2,000 zake, akawapa 6,000 kila mmoja. Sasa kila mmoja amelipa 4,000, jumla 12,000. Ongeza 2,000 za mhudumu, 14,000. Je, utauliza 16,000 zimekwenda wapi? Hutauliza, utacheka. Hesabu ni ileile. Kilichokutesa kwenye ile ya kwanza ni kwamba 29 iko karibu mno na 30, macho yakadhani ni ndugu. Siku hizi nikikwama kwenye fumbo lolote la namba huwa nazivuruga namba zake kwanza, nione kama lile swali bado lina maana.

Mambo, mwalimu! Sisi kuna jamaa mmoja, fumbo likitumwa tu dakika hiyohiyo anaweka jibu. Wengine hatupati hata nafasi ya kufikiri. Tumtoe kwenye grupu? (Nakuru)

Poa. Msimtoe. Mpeni kazi ya kutega, asiyejua kusubiri atajifunza akiwa upande wa pili.

Shida yenu ni kwamba mmeleta mafumbo mtandaoni mkaacha adabu yake kwa bibi. Kumbukeni ilivyokuwa. Mtegaji anasema "Kitendawili!" na hatoi neno jingine mpaka aambiwe "Tega!" Watu wanajaribu, wanakosea, wanachekwa. Wakishindwa, mtegaji anadai: "Nipe mji." Anapewa Mombasa, au Bagamoyo, anakwenda huko kwa maneno, anapokewa, anakula, anajisifu wee, ndipo anatoa jibu. Yaani kulikuwa na ruhusa ya kuanza na kulikuwa na bei ya kushindwa. Na kati ya hayo mawili kulikuwa na muda, ambao ndio hamna.

Kwetu tumefanya hivi. Jibu halitupwi kwenye grupu. Linakwenda inboksi kwa mtegaji. Ukilipata unaruhusiwa kuandika neno moja tu mbele ya wote, "nimepata", ambalo kwa wengine linauma kuliko jibu lenyewe. Mji hauombwi kabla ya saa nne usiku. Aliyeshindwa anautoa hadharani, na mtegaji lazima asafiri kweli: mwezi jana tulipelekwa Kigoma, tukala migebuka aya nzima kabla ya kuambiwa jibu. Kisha mtegaji anaeleza njia. Jibu tupu bila njia hatulihesabu, na hapo wale wanaonakili kutoka Google hujikuta hawana la kusema.

Mkiwa Telegram kuna namna ya kuficha maandishi mpaka mtu ayaguse. WhatsApp sisi huweka nukta nyingi zinazoshuka chini, ili jibu lijifiche nyuma ya "soma zaidi". Ni ushamba lakini unafanya kazi.

Bando langu ni dogo na watu wanatuma mafumbo ya video. Nifanyeje? (Bukoba)

Zima upakuaji wa moja kwa moja kwenye mipangilio ya simu, na uwaombe waandike. Fumbo zuri huingia kwenye mistari mitatu. Lisiloweza kuandikwa, mara nyingi ni picha ya matunda ambapo kwenye mstari wa mwisho wamenyofoa ndizi moja kisirisiri, hujakosa kitu.

Asalaam aleikum. Nimetumiwa kisa cha mzee aliyeacha ngamia 17: mtoto wa kwanza apate nusu, wa pili theluthi, wa tatu sehemu moja ya tisa. Haigawanyiki. Mwenye hekima akaongeza ngamia wake wakawa 18, wakagawana 9, 6 na 2, akabaki ngamia mmoja akamrudia mwenyewe. Ni kweli haya ni mafunzo ya mirathi? (Unguja)

Waaleikum salaam. Kisa ni kitamu, lakini usikipeleke kwa kadhi. Mafungu yaliyotajwa kwenye Qur'ani ni nusu, robo, thumuni (sehemu moja ya nane), theluthi mbili, theluthi na sudusi (sehemu moja ya sita). Sehemu moja ya tisa haimo. Na watoto watatu wa kiume wa baba mmoja wangegawana sawasawa, hakuna wa nusu wala wa theluthi.

Kama chemshabongo, siri yake ni kwamba mzee hakuimaliza mali. Jumlisha nusu, theluthi na sehemu moja ya tisa: unapata 17 juu ya 18. Kuna 1 juu ya 18 ambayo hakumpa mtu. Ngamia wa kuazima anaingia ili mgawanyo utoke bila kuchinja, halafu anaondoka kupitia mwanya huohuo ulioachwa. Angalia pia kwamba kila mtoto amepata zaidi ya haki yake. Nusu ya 17 ni nane na nusu, yeye kachukua 9. Hakuna aliyelalamika, ndiyo maana hakuna aliyehesabu.

Napenda ule mchezo wa kubahatisha neno wenye visanduku vya kijani na njano. Tunaweza kuucheza kwa Kiswahili na marafiki? Na mafumbo mengine ya maneno yapo, au tutafsiri ya Kiingereza? (Dar es Salaam)

Msitafsiri. Fumbo la maneno likitafsiriwa ni kama chai iliyomwagwa, kikombe kipo.

Mchezo unaousema ni Wordle. Aliutengeneza Josh Wardle kwa ajili ya mwenzi wake, akauweka wazi kwa watu wote Oktoba 2021, na kufikia mwisho wa Januari 2022 gazeti la The New York Times likawa limeununua. Uzuri wake kwa marafiki ni kwamba unaweza kurusha visanduku vyako vya rangi bila kufichua neno. Kwa Kiswahili, ukiuchukua hivyohivyo kwa herufi tano, unapoteza ladha: karibu kila neno letu linaishia na irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kina chaguo tano tu tangu mwanzo.

Sisi tunacheza kwa silabi. Mtegaji anawaza neno la silabi tatu, tuseme "kahawa". Wa kwanza anajaribu "habari": mtegaji anajibu HA njano, maana imo lakini si mahali pake, nyingine kijivu. Wa pili anajaribu "bahari": HA kijani. Wa tatu "kalamu": KA kijani. Hapo mwenye kiu anaruka na kahawa yake. Haihitaji programu, ni kuandika tu.

Lakini raha yenyewe iko kwenye kugeuza silabi. Watoto wa pwani wana kinyume, ile lugha ya siri ya kutanguliza silabi ya mwisho ili wakubwa wasielewe. Sisi tumeifanya fumbo: toa neno ambalo likigeuzwa linakuwa neno jingine, halafu litegee kwa vyote viwili. "Mbele nimo kwenye sinia, nyuma nimekwisha." Wali, liwa. "Mbele niko juu ya nyumba, nyuma niko hospitali." Bati, tiba. Dereva wetu wa Tunduma alileta hii saa sita usiku, nadhani alikuwa amechoka na foleni: "Mbele nakulisha, nyuma nakufukia." Kazi, zika. Tulinyamaza kidogo kabla ya kucheka. Ukianza hutaacha, wazi na ziwa, mali na lima, taka na kata zinakusubiri uzitungie.

Nimeona zile hesabu ambazo herufi zinasimama badala ya tarakimu. Nimejaribu kutunga MOJA + MOJA = MBILI, siku mbili haitoki. Nakosea wapi? (Arusha)

Hukosei. Haitoki, na haitatoka hata ukae mwaka.

Kwa wasiojua: kila herufi ni tarakimu moja, herufi mbili tofauti hazishiki tarakimu moja, na namba haianzi na sifuri. Maarufu kuliko zote ni SEND + MORE = MONEY ya Mwingereza Henry Dudeney, ya mwaka 1924, yenye jibu moja tu: 9567 + 1085 = 10652.

Sasa yako. MBILI ina tarakimu tano, MOJA ina nne. Namba mbili za tarakimu nne haziwezi kufika 20,000, kwa hiyo MBILI lazima ianze na 1, yaani M ni 1. Lakini M huyohuyo anaianza MOJA. Kwa hiyo MOJA haifiki 2,000, na mara mbili yake haifiki hata 4,000. Umejifungia nje ya nyumba na funguo ziko ndani.

Nilipoona hivyo nikajaribu TATU + TATU = SITA. Tazama safu ya makumi: T na T zinatoa T. Hilo linawezekana T ikiwa 0, ambayo hairuhusiwi kuanza namba, au ikiwa 9 na kuna moja iliyobebwa. Na T ikiwa 9 jumla inapita 18,000 wakati SITA ina tarakimu nne. Imekufa. NNE + NNE = NANE nayo imekufa kwa ugonjwa uleule wa MOJA yako. Nilianza kudhani namba zetu zimelogwa.

Kisha nikajaribu TANO + TANO = KUMI. Herufi nane, hakuna inayojirudia kati ya pande mbili, na inatoka! 4685 + 4685 = 9370. Kagua mwenyewe, hakuna tarakimu iliyotumika mara mbili. Tena ina majibu zaidi ya moja, jambo ambalo wapenzi wa mafumbo haya hawalipendi, kwa hiyo kwetu tuliongeza sharti: tafuta KUMI iliyo kubwa kuliko zote. Mimi nilifika 9670 nikajitangaza mshindi. Binti yangu wa kidato cha pili alichukua kalamu, akaniletea kubwa zaidi kabla chai haijapoa. Nyinyi je? Tumeni, na njia yake.