Kufunga si kumshinikiza Mungu

Dada yangu, umesema ulifunga siku tatu ukiomba kazi, hukuipata, na sasa unauliza kama mfungo wako umepotea bure. Haujapotea. Kufunga hakumlazimishi Mungu kitu, kunatunyenyekeza sisi. Ile saa ya mchana tumbo linaponguruma na hasira zinakupanda kwa jambo dogo, hapo ndipo unapojiona ulivyo, na hapo hapo ndipo pa kuomba. Soma Isaya 58: watu walifunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao, Mungu akaukataa mfungo ule, akawataka wamgawie mwenye njaa chakula chao. Basi ule mlo unaouacha, mpe mtu. (Kama unatumia dawa au una mimba, usiache kula, jinyime kitu kingine, simu kwa mfano.)