Maswali ya wasomaji: Vani tupu iwe gari la kulala

Barua nyingi tulizopokea safari hii ni za watu wenye vani za mizigo wanaotaka kuweka kitanda, jiko dogo na taa, wasafiri bila kuhangaika pa kulala. Tumechagua sita. Hesabu zote za umeme hapa chini ni za volti 12.

Habari za kazi, mafundi. Nimenunua vani ya mizigo na bodi nane za plaiwudi ya milimeta 18. Seremala yuko tayari. Tuanze na sakafu au kitanda?

Msianze na chochote kati ya hivyo, ndugu yetu. Seremala huingia mwisho. Kwanza ng'oa kila kitu hadi bati libaki wazi, tibu kutu, toboa madirisha na matundu ya hewa, pitisha nyaya, hami kuta na dari (yaani weka kitu cha kuzuia joto na baridi kupita). Baada ya hapo ndipo sakafu, kuta za mbao, na mwisho kabisa kitanda na kabati. Wanaogeuza utaratibu huu ndio wanaobomoa kabati jipya kwa sababu ya waya mmoja waliousahau.

Na hizo bodi, tungekushauri uzirudishe. Bodi moja ya milimeta 18 yenye ukubwa wa kawaida (sentimeta 244 kwa 122) ina uzito wa kilo 27 hadi 36, kutegemea aina ya mti. Bodi nane peke yake zinavuka kilo 200. Sakafu inatosheka na milimeta 9 hadi 12, ubavu wa kabati 12, na kuta 4 hadi 6.

Uzito ndio jambo ambalo watu hawalihesabu hadi springi zilale. Tafuta kibati cha mtengenezaji, mara nyingi kipo kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, usome uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Kisha peleka gari tupu kwenye mizani, tangi la mafuta likiwa limejaa. Tuseme kibati kinasema kilo 2,800 na mizani inasema 1,950: una kilo 850 za kucheza nazo. Ondoa watu wawili, 150. Maji lita 40 ni kilo 40. Betri ya risasi ya saa-ampea 100 (saa-ampea ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi) inakaribia kilo 30. Mbao, godoro, friji, mtungi, vyombo, nguo na gurudumu la akiba vinakula zilizobaki upesi kuliko unavyodhani. Vitu vizito vikae chini na kati ya ekseli mbili. Maji na betri vikiwekwa nyuma kabisa, gurudumu za mbele zinapungukiwa uzito na usukani unakuwa mwepesi barabarani.

Niliweka pamba ya kioo kwenye kuta zote, nikafunika vizuri kwa mbao. Baada ya miezi michache dari inadondosha maji asubuhi, godoro limeota ukungu chini, na kuna harufu. Paa halivuji, nimelimwagia maji nikahakikisha. Maji yanatoka wapi?

Yanatoka kwenu wenyewe. Watu wawili wakilala ndani ya gari lililofungwa hutoa, kwa pumzi na jasho, kati ya nusu lita na lita nzima ya maji kwa usiku mmoja. Jiko la gesi linaongeza: kila gramu 100 za gesi ya propani zikiungua hutoa gramu 160 hivi za mvuke wa maji. Mvuke huo unatafuta mahali penye baridi kuliko pote, nako ni kwenye bati, nyuma ya mbao zako. Pamba ya kioo inaupitisha mvuke bila kizuizi, kisha unapogeuka maji inayashika kama sifongo na kuyaegemeza kwenye chuma. Kwa hiyo dari unayoiona ikidondosha ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Fungua ubao mmoja wa ukutani karibu na sakafu uguse pamba: bila shaka imelowa, na huenda chini yake kutu imeshaanza kuchora mistari ya kahawia.

Dawa yake haina njia ya mkato. Toa pamba yote. Acha milango wazi hadi bati likauke kabisa, piga kutu msasa, paka praima ya kuzuia kutu na rangi juu yake. Kisha gundisha bodi za povu gumu lisilopitisha maji, za milimeta 20 hadi 30, moja kwa moja kwenye bati bila kuacha nafasi katikati. Tumia gundi isiyoyeyusha povu, ujaribu kwanza kwenye kipande kidogo. Penye mikunjo tumia povu laini la aina hiyohiyo linalopindika. Maungio yazibwe kwa utepe.

Mambo matatu tunaomba usiyafanye. Usijaze povu la kupuliza ndani ya nguzo na mbavu zilizofungwa: linavimba na kupinda bati, tena linafungia maji humo. Usizibe vitundu vilivyo chini kabisa ya milango na kuta, maana hivyo ndivyo vinavyotolea maji ya mvua yanayopenya kwenye vioo. Na usihesabu karatasi ya kung'aa iliyogandishwa kwenye bati kuwa ni kihami. Karatasi hiyo inafanya kazi ikiwa na nafasi ya hewa mbele yake. Ikibanwa katikati ya bati na ubao inapitisha joto tu.

Hata hivyo kihami peke yake hakikaushi gari. Hewa lazima iingie chini na kutoka juu. Tundu moja lililolindwa kwa wavu sakafuni au chini ya mlango, na feni ndogo darini inayotoa hewa nje, zinafanya kazi kubwa kuliko sentimeta zozote za povu. Iache ikizunguka polepole usiku kucha, hata kwenye baridi. Chini ya godoro weka fito zenye nafasi ya sentimeta 4 au 5 kati ya moja na nyingine. Godoro linalolala juu ya ubao mzima huota ukungu katika gari lolote.

Naogopa kukata paa. Nikikosea nimeharibu gari. Naomba hatua kwa hatua.

Woga huo una faida, dada, kwa sababu utakufanya upime vizuri. Feni nyingi za paa zinahitaji tundu la mraba la sentimeta 40 kwa 40 hivi, lakini fuata kipimo cha feni uliyonunua. Chagua mahali ambapo ubavu wa paa haupiti, au unapita pembeni ya tundu.

Ukiwa ndani, weka alama za pembe nne na utoboe kila moja kwa ncha ndogo ya drili, milimeta 3. Panda juu, bandika utepe wa karatasi kuzunguka eneo lote ili kitako cha msumeno kisikwaruze rangi, unganisha vitundu vinne kwa rula, upime tena. Panua pembe hadi milimeta 10 au 12, ingiza msumeno wa umeme wenye wembe wa chuma wa meno madogo, ukate taratibu. Kila ukimaliza upande mmoja bandika utepe mzito juu ya mkato. Usipofanya hivyo, kipande kinaning'inia mwishoni na kulirarua bati kwenye pembe ya mwisho.

Sasa sehemu ambayo wengi huipuuza: chenga za chuma. Zinaruka mbali, zinajificha kwenye mifereji ya paa, na umande wa usiku mmoja unatosha kuzigeuza madoa ya kutu yanayokula rangi. Zinyonye kwa mashine ya kufyonza vumbi, kisha pita na sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa. Usizifute kwa mkono wala kwa tambara kavu, zinakwaruza. Piga kingo tupa, paka praima tabaka mbili, na usiendelee hadi zikauke.

Bati la paa ni jembamba, kwa kawaida halifiki milimeta 1, kwa hiyo chini yake tengeneza fremu ya mbao ambayo skrubu zitashika. Kuziba tumia gundi ya poliyurethani au utepe wa butili. Silikoni yenye harufu ya siki usiilete kabisa: asidi yake inakula chuma, na ikishapakwa hakuna gundi nyingine itakayoshika mahali hapo. Kaza skrubu kwa kupokezana pembe kwa pembe, uache gundi kidogo ichomoze pande zote. Ukikaza hadi itoke yote, umebaki na plastiki juu ya bati, na mvua ya kwanza itaingia.

Friji yangu ya volti 12 inajizima na kuwaka taa ya betri dhaifu, ingawa nikipima betri nakuta volti 12.4. Waya ni wa milimeta za mraba 0.75, urefu kama mita 6 kutoka betrini. Pia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ya wati 1,000 inakataa birika la wati 2,000. Betri ni ya risasi, saa-ampea 100.

Betri yako haina kosa. Waya ndio unaokula volti njiani. Kompresa, yaani pampu ya friji, inapoanza inaweza kuvuta ampea 8 kwa muda mfupi. Umeme unakwenda mita 6 na kurudi mita 6. Zidisha mita 12 kwa ampea 8 na kwa 0.0175, ambao ni ukinzani wa shaba, ugawanye kwa unene wa waya, 0.75: unapoteza volti 2.2. Kwa hiyo betri inasoma 12.4 huku friji ikiona 10.2, na kinga yake inaizima kama ilivyotengenezwa. Badilisha uweke waya wa milimeta za mraba 4. Upotevu unashuka hadi volti 0.4. Ili uhakikishe, pima volti kwenye plagi ya friji yenyewe wakati kompresa inaanza. Kipimo cha betrini hakikwambii kitu.

Ukishafungua, weka fyuzi ya ampea 15 au 20 ndani ya sentimeta 20 kutoka kwenye chanya cha betri. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo kipande chote kilicho kabla yake hakina ulinzi. Kila mahali waya unapopenya bati, valisha tundu mpira. Mtikisiko wa safari husugua plastiki kidogo kidogo hadi shaba iguse bodi, na moto wa namna hiyo huanzia nyuma ya mbao, pasipoonekana.

Birika la wati 2,000 ni mara mbili ya uwezo wa inveta. Hata ukinunua kubwa, kwenye volti 12 itavuta zaidi ya ampea 165, mzigo ambao betri hiyo haiuwezi. Chemsha maji kwa gesi.

Hesabu ya siku ni hii: betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, hivyo una saa-ampea 50. Friji ndogo ya kompresa hula 30 hadi 40 kwa siku kwenye joto. Taa nne za LED za wati 3 kwa saa nne, 4. Simu mbili, 2 au 3. Siku moja bila jua na umefika ukingoni. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri inarudisha saa-ampea 25 hadi 30, kwa hiyo funga wati 200. Ukitaka kuchaji pia kwa altaneta (jenereta inayozungushwa na injini), na gari ni la kisasa au betri ni ya lithiamu, tumia chaja maalumu ya volti 12 kwenda 12 badala ya relei tupu, yaani swichi ya umeme inayounga betri mbili moja kwa moja. Lithiamu inayoungwa moja kwa moja huvuta umeme mwingi mno, na altaneta inaweza kuungua.

Fremu ya kitanda naweza kuipigilia sakafuni kwa skrubu za mbao?

Hapana. Bati halishiki skrubu ya mbao. Baada ya kilometa kadhaa za barabara mbovu tundu linapanuka na skrubu inazunguka bure. Tumia ndoano za kufungia mizigo zilizotoka na gari, au boliti za M8 zenye sahani pana ya chuma chini ya bodi. Kabla ya kutoboa, lala chini ya gari uangalie: tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya vyote vinapita hapo. Gari la kilometa 50 kwa saa likisimama ghafla kwa kugonga, kabati la kilo 20 linaweza kuvuta vifungo vyake kwa nguvu inayokaribia kilo 300. Pima ukiwa na kabati hilo akilini.

Urefu wa kitanda ni urefu wako na sentimeta 10. Ukitaka kulala kwa kukingama, pima upana baada ya kutoa unene wa povu na mbao za pande zote mbili.

Jiko la gesi liko ndani, mtungi uko chini ya kitanda. Kuna ubaya?

Upo, mama, na tunaomba ulirekebishe kabla ya safari nyingine. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama sakafuni, pale mnapolala. Mtungi ukae kwenye sanduku lililozibwa upande wa ndani, lenye tundu sakafuni linalotoka nje ya gari, mbali na ekzosi. Mpira wa gesi ubadilishwe ukianza kupasuka, na kila kiungio kipakwe maji ya sabuni: mapovu yakikua, kinavuja. Funga kengele ya kaboni monoksaidi usawa wa kichwa cha aliyelala, na kizimamoto karibu na mlango. Jiko lisitumike kupasha joto gari, na la mkaa lisiingie ndani hata likiwa limebaki majivu ya moto, maana mkaa unaofifia bado unatoa sumu hiyo isiyo na harufu.